Mafundi wa Mwezi Mei

Miezi kumi na mmoja kila mwaka Verla Stamper alikuwa mjane kama wajane wengine wa mji wa Speedway, Indiana. Mwezi uliobaki, Mei, hakupata hata nafasi ya kuukumbuka ujane wake, maana nyumba ilijaa wanaume, buti zilizagaa mlangoni, taulo zilining'inia kila pembe, na bafu la juu halikukauka tangu asubuhi hadi jioni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, nyeupe, mitaa miwili tu kutoka uwanja wa mbio za magari. Magari yakianza kujaribiwa, vikombe vilitetemeka kabatini, na mtu aliyekuwa akizungumza kwenye simu ilimbidi anyamaze mpaka gari lipite. Wageni walilalamika. Verla hakuwahi kulalamika. Alizaliwa ndani ya kelele hiyo, akaolewa ndani yake, na mumewe Harlan alipoanguka akafa kwenye maegesho ya kiwandani wakati wa theluji, kilichomtesa zaidi ni ule ukimya wa Februari.

Aliyemtoa humo ni wifi yake, Opal, dada wa Harlan. Opal hakuwahi kuolewa. Kila Mei alivaa shati la njano la waongoza watazamaji, akasimama kwenye ngazi za jukwaa lilelile akiwaonyesha watu viti vyao, na alipotamka "uwanja wetu" ungedhani anamtaja mama yake mzazi.

"Wifi, utakaa na ukimya huu mpaka lini?" alimuuliza Verla masika yale baada ya mazishi. "Kuna mafundi wanne wa timu ya mbio wanatafuta pa kulala. Hoteli zote zimejaa."

"Wanaume wanne ndani ya nyumba ya mjane? Watu watasemaje kanisani?"

"Watasema umebahatika."

Basi mafundi wakaja. Mkubwa wao aliitwa Duane Kessinger, mtu wa Ohio, mrefu, mwenye masikio makubwa na maneno machache. Huyo ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa gari la timu. Wa pili alikuwa Rudy Bascom, kijana mnene wa California, kazi yake kubadilisha magurudumu, mdomo wake haukujua kupumzika. Wale wawili wengine walibadilika mwaka hadi mwaka, lakini Duane na Rudy walirudi kila Mei, wakirudi kwenye vitanda vilevile, mpaka Verla akaacha kuviita vyumba vya juu kwa majina ya wanawe walioondoka akaviita chumba cha Duane na chumba cha Rudy.

Aliwapikia. Aliwapondea nyama ya nguruwe mpaka ikawa nyembamba na pana, akaikaanga na unga wa mkate, akaiweka kati ya vipande viwili vidogo vya mkate.

"Mama Verla," Rudy aliuliza siku ya kwanza, "huyu alikuwa nguruwe au tembo? Mbona mkate umejificha?"

"Kula, acha kelele. Ukiutafuta utauona."

Wakacheka. Duane naye alitabasamu, akala, akaosha sahani yake mwenyewe. Mlango wa wavu uliokuwa ukipiga kelele tangu enzi za Harlan aliutengeneza bila kuambiwa. Na kila asubuhi, kabla wenzake hawajaamka, alishuka na soksi, akakuta Verla tayari barazani na birika la kahawa, akaketi kwenye kiti cha pili. Walikunywa bila kusema neno. Jua lilipanda nyuma ya majukwaa, gari la maziwa likapita, na mmoja wao akajaza kikombe cha mwenzake. Watu wa mtaani walisema mengi juu ya viti vile viwili. Hapakuwa na la kusema. Lakini ukimuuliza Verla ni wakati gani katika mwaka mzima alijiona yuko pamoja na mtu, asingekutajia Krismasi.

Miaka ikaenda hivyo mpaka akazoea kuihesabu kwa Mei. Kisha ugomvi ukaanza.

Ulikuwa ugomvi wa wakubwa. Upande mmoja walikuwapo wenye timu, ambao ndio walioendesha ligi ya magari ya magurudumu wazi, yasiyofunikwa na bodi, nchi nzima. Upande wa pili alikuwapo rais wa uwanja, aliyesema wenye timu wameyafanya mashindano kuwa mali yao, gharama zimepaa, madereva wa nyumbani hawapati nafasi, na kwamba sasa ataanzisha ligi yake mwenyewe. Magazetini ilisomeka kama kesi ya mirathi. Mjini ilisikika kama talaka: kila mtu aliulizwa yuko upande wa nani.

Jioni moja ya Mei 1995, mbio zikiwa zimekaribia, Opal alikuja kula chakula cha jioni akiwa bado na shati lake la njano. Duane, Rudy na wenzao walikuwa mezani. Verla alikuwa ametoa pai ya krimu na sukari, bado ya moto.

"Nasikia mabwana zenu wananuna," Opal alianza, akijipakulia viazi.

"Mabwana zetu wanalipa mishahara yetu," Rudy akajibu. "Acha wanune."

"Uwanja una wenyewe. Familia ya rais iliukuta umeota magugu baada ya vita, wakaufufua. Leo mtu atoke huko atokako aje kuwaambia waendesheje nyumba yao?"

Duane aliweka uma chini. "Bi Opal, mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Lakini karamu si yake peke yake. Sisi ndio tunaoleta magari. Bila magari mna nini pale? Lami na majani."

"Tuna mbio kubwa kuliko zote duniani!"

"Mna jina la mbio. Mbio ni watu."

"Watu wako tele! Ninyi mkiondoka watakuja wengine. Tena wengine wenye adabu."

"Ee bwana," Rudy akasema, "na mimi nilivyooga kwa ajili yako."

Hakuna aliyecheka. Opal alikuwa amewiva uso. Duane naye masikio yalikuwa mekundu. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, na hata sasa hakuipandisha. Alimgeukia tu mwenye nyumba.

"Na wewe, Verla? Wewe unasemaje?"

Wote wakamtazama. Opal alimtazama kwa jicho la wifi, la mtu anayejua jibu. Duane alimtazama kwa jicho la asubuhi zile za barazani. Verla alishika kisu cha pai. Alikuwa na neno, lakini lilikuwa na ncha mbili, na upande wowote angelitoa lingemchoma mtu anayempenda.

"Nani anataka pai?" akauliza.

Walikula pai. Ilikuwa nzuri, wote walisema hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa heshima, kama watu wanaotoa rambirambi. Asubuhi iliyofuata Verla alitoka barazani na birika. Duane alishuka akiwa ameshavaa buti, akasema ana kazi nyingi gereji, akapita.

Kiangazi kile rais wa uwanja akatangaza kwamba nafasi nyingi kwenye mstari wa kuanzia zitatengewa walio ndani ya ligi yake mpya. Kabla mwaka haujaisha, wenye timu nao wakatangaza mbio zao wenyewe huko Michigan, siku ileile. Verla alisoma habari hizo amesimama jikoni, akakunja gazeti, akasema peke yake, "Basi, wataelewana. Watu wazima hawa."

Mwezi Machi simu ikalia.

"Verla, ni mimi, Duane. Nilitaka usikie kutoka kwangu. Hatuji."

"Mwaka huu?"

"Mwaka huu. Baadaye sijui. Wape vyumba watu wengine, usikose wapangaji kwa ajili yetu."

Alitaka kumwambia kwamba siku ile mezani hakuwa upande wa Opal. Lakini kuna mtu alikuwa akigonga chuma nyuma ya Duane, na mwingine akimwita, na Verla hakutaka kuonekana mwanamke anayeng'ang'ania simu.

"Jifunike vizuri," akamwambia. "Michigan kuna baridi."

"Mei, Verla?"

"Hata Mei."

Wiki chache baadaye Opal alifika na vijana watatu, mafundi wa timu mpya iliyojiunga na ligi ya uwanja. Walikuwa vijana wa heshima, wamevua kofia zao tangu kwenye ngazi.

"Nimekuletea wageni, wifi. Wana hamu ya chakula cha nyumbani, masikini."

"Vyumba vina watu," Verla akasema.

Opal alitazama ngazi za kwenda juu, kisha akamtazama yeye. "Vina akina nani?"

Vijana walivaa kofia zao tena. Opal aliwaambia watangulie garini, akasubiri mpaka mlango wa wavu ulipofungwa.

"Kwa hiyo unawatandikia wasaliti vitanda? Wameutupa uwanja, wamekutupa na wewe, halafu unawawekea mito?"

"Sijamwekea mtu mito, Opal. Ni vitanda tu."

"Kaka yangu angekuona leo angesema nini?"

"Angeuliza chakula kimeiva."

Ulikuwa mzaha, na zamani ungewamaliza kwa kicheko. Opal alifunga vifungo vya koti lake hadi shingoni, akaondoka. Jumapili kanisani alikaa benchi la upande wa pili.

Ndivyo Verla alivyojikuta siku ya mbio, Mei 1996, na nyumba nzima peke yake. Kwa desturi televisheni za mji hazikuonyesha mbio za uwanja moja kwa moja, kwa hiyo alizisikiliza redioni kama siku zote. Lakini mbio za Michigan zilionyeshwa. Aliweka redio dirishani na kuwasha televisheni bila sauti. Hivyo macho yake yakawa kule na masikio yake yakawa hapa, na juu ya vyote viwili, mlio wenyewe wa magari ukipita angani kutoka mitaa miwili mbali, ukizitetemesha sahani.

Aliyasikiliza majina ya madereva wa nyumbani. Wengi hakuwajua. Aliyatazama magari ya Michigan. Mengi aliyajua kama mtu anavyowajua watoto wa jirani, na aliyaona yakigongana rundo zima kabla hata ya bendera ya kijani ya kuanza kupeperushwa. Kamera ilipita haraka juu ya watu waliokuwa wakikimbia, na katikati yao akauona mgongo. Mgongo mrefu, masikio mawili makubwa chini ya kofia. Verla aliinuka kwenye kochi akasogea mpaka karibu na kioo, lakini picha ilikuwa imekwisha badilika, mtangazaji alikuwa akizungumza bila sauti.

Alikuwa amekaanga nyama ya watu watano. Hakujua kwa nini. Mkono ulikuwa umezoea tu. Alikula kipande kimoja amesimama, vingine akavifunika.

Kila mtu alisema utakuwa ugomvi wa mwaka mmoja. Haukuwa. Ligi mbili zikagawana madereva, zikagawana wafadhili, zikagawana hata watazamaji, na waliochoka kugawanywa wakahamia kutazama mbio za magari ya kawaida, yale yenye umbo la gari la barabarani, huko kusini. Kulikuwa na familia mjini zilizorithishana tiketi za viti vilevile tangu kwa mababu. Sasa watoto wao walisimama barabarani siku ya mbio wakizinadi kwa yeyote apitaye. Majirani wa Verla waliokuwa wakiegesha magari ya wageni hadi kwenye vitanda vya maua walianza kuwa na majani mazuri yasiyokanyagwa mwezi Mei. Rudy alituma kadi kutoka Carolina Kaskazini: amepata kazi na timu ya magari ya kawaida, chakula ni kibaya, anamsalimia tembo. Duane hakuandika. Hakuwa mtu wa kuandika.

Verla alizeeka taratibu katika miaka hiyo, bila kisa. Alifanya kazi ya kujitolea maktaba. Binti yake alimpigia simu Jumapili kutoka Arizona na kumwambia auze nyumba, ahamie kwenye joto. Kila Aprili alijisemea kwamba mwaka huu hatatandika, na kila Mei shuka safi zilikuwa vitandani. Na Opal walikutana dukani, kwenye mboga, wakaulizana hali kama watu waliowahi kufanya kazi ofisi moja.

Mwaka 2001 mchungaji ndiye aliyemwambia Verla kwamba wifi yake amelazwa, na kwamba hali si nzuri. Ilikuwa Mei. Alimkuta Opal kitandani, mdogo, shati la njano limetundikwa kwenye kiti cha wageni kama mtu aliyekuja kumwona.

"Umechelewa," Opal alisema.

"Hukuniita."

"Sikukuita. Ulitakiwa uje tu." Akafumba macho, akafumbua. "Sijakosa Mei hata moja tangu nikiwa msichana. Wamemweka nani kwenye ngazi zangu?"

"Sijui, Opal."

"Umepita pale? Watu wamejaa?"

Verla alikuwa amepita pale saa moja tu nyuma. Ilikuwa siku ya majaribio, siku ambayo zamani ulihitaji kuamka na jogoo ili upate mahali pa kukanyaga, na alikuwa amesimamisha gari kwenye taa akaona majukwaa yanayong'aa kwa jua, safu kwa safu, matupu.

"Wamejaa," akasema. "Mpaka juu kabisa."

Opal alitikisa kichwa kukubali, ameridhika. Kisha akasema, kwa sauti ya zamani, ya mchokozi, "Muongo mkubwa wewe." Na akamshika mkono. Walikaa hivyo mpaka muuguzi alipokuja. Opal alizikwa kabla mwezi haujaisha, na Verla akawa hana tena mtu hata wa kununiana naye.

Ilimchukua miaka mitatu zaidi kufanya jambo ambalo alipaswa kulifanya mapema. Kiangazi cha 2004 alijaza mafuta gari, akafunga keki ya matunda ya persimoni kwenye karatasi ya nta, akaendesha peke yake mpaka Cleveland, ambako ligi ya wenye timu ilikimbia kwenye uwanja wa ndege kando ya ziwa. Ligi ile ilikuwa imekwisha filisika mara moja, na wachache miongoni mwa wenye timu walikuwa wameinunua ili isife. Mwenye timu ya Duane alikuwa ameuza kila kitu siku nyingi. Lakini Verla alikuwa amemsikia mtangazaji akilitaja jina la Duane Kessinger, fundi wa timu ndogo isiyo na mfadhili, na hilo lilimtosha.

Alimkuta chini ya turubai, amekaa juu ya gurudumu, anafuta mikono. Nywele zilikuwa nyeupe. Masikio hayakubadilika.

"Verla," alisema, akainuka polepole, mkono kwenye nyonga. "Nani amekuleta?"

"Nimejileta. Kwani mimi ni mzigo?"

Alicheka, akampa kiti, akafungua keki na kuila kwa vidole. Kando yao kijana mmoja alikuwa akiziba ufa kwenye bawa la gari kwa gundi. Upande wa pili wa uzio, watazamaji walikuwa wachache kiasi kwamba ungeweza kuwasalimia mmoja mmoja.

"Siku ile mezani," Verla alisema, "uliniuliza nasemaje."

"Ukagawa pai."

"Nilikuwa nataka kusema kwamba sijali nani ni rais. Nilitaka tu mje."

Duane aliacha kutafuna. "Mimi nilidhani unaona haya kunifukuza mbele ya watu," akasema. "Nikaona nikupunguzie kazi."

"Mjinga wewe."

"Sana."

"Basi njoo Mei. Timu nyingi zimesharudi. Hakuna atakayekuuliza."

"Niliapa, Verla. Niliwaambia vijana wangu mbele ya gari, sikanyagi pale mpaka yaishe. Wengine waliacha kazi nzuri kwa sababu ya maneno yangu. Sasa wametawanyika, hakuna hata mmoja anayekumbuka nilisema nini. Lakini mimi nakumbuka."

Mtu alimwita Duane, gari likawashwa, na kelele ile ikafunika kila kitu. Duane alimwekea mkono begani, akaenda kazini. Verla aliendesha kurudi Indiana jioni ileile, redio imezimwa.

Yaliisha mwaka 2008, mwezi Februari. Ligi mbili zikawa moja. Hapakuwa na mshindi wa kumbeba mabegani. Upande mmoja uliishiwa nguvu, na ule mwingine ulikuwa umechoka. Verla aliisoma habari mezani, na safari hii hakusema kitu. Mei ilipofika, gari dogo lilisimama mbele ya nyumba, na Duane akashuka na fimbo.

Alikuwa amestaafu mbio. Alitengeneza mabasi ya shule huko Ohio. Alilala chumba chake, asubuhi akashuka, wakanywa kahawa barazani, na kimya chao kilikuwa kilekile, ila mmoja wao alikuwa hasikii vizuri tena. Saa tatu walikwenda uwanjani kutazama majaribio. Duane alitaka kuziona gereji. Kijana wa mlangoni, mpole, alimweleza kwamba haruhusiwi bila kitambulisho.

"Nilifanya kazi humo," Duane akamwambia.

"Wengi walifanya, mzee. Lakini nahitaji kitambulisho."

Duane alisimama kwenye uzio akitazama ndani. Mafundi walipita na magurudumu, wote vijana, wote na haraka, na hakuna aliyegeuka. Verla alisubiri atamke jina la mtu fulani, aite, apunge mkono. Hakupunga. Baadaye kidogo alisema, "Twende nikamwone Opal."

Makaburini alishuka na fimbo yake na shada la maua ya njano alilolinunua dukani njiani. Aliliweka, akavua kofia.

"Bi Opal," alisema kwa sauti kabisa, kama yuko mezani, "ulisema watakuja wengine wenye adabu. Nimewaona leo. Ni kweli, wana adabu." Akainama akaliweka sawa shada. "Lakini na mimi sikukosea."

Verla alikuwa nyuma yake. Aliona mabega yale marefu yakitikisika, hakujua kama ni kicheko au ni kitu kingine, na hakwenda kutazama.

Duane hakubaki kwa ajili ya mbio. Alisema nyonga haiwezi ngazi, na mabasi yanamsubiri. Verla alimfungia chakula cha njiani. Siku ya mbio yenyewe alikaa barazani, akayasikiliza magari yakipita nyuma ya miti, yote ya ligi moja sasa, na akagundua kwamba hakuwa akimngojea mtu. Kwa miaka kumi na zaidi alikuwa amedhani anawangojea watu hawa, kwamba ugomvi ukiisha watarudi na kelele zao na taulo zao. Ugomvi umeisha. Watu wenyewe ndio hawakuwepo tena wa kurudi, hata yule aliyerudi.

Mwezi Juni alilipigia simu shirika la kanisa linalowapa vitanda familia zilizounguliwa na nyumba. Alikuja kijana mmoja na lori, mwenye misuli na fulana ya timu ya mpira wa kikapu. Alivishusha vitanda kimoja kimoja, Verla akimshikia milango.

"Ulikuwa na familia kubwa, mama," kijana alisema, akipangusa jasho.

"Walikuwa mafundi wa mbio. Kila Mei walilala hapa. Mmoja wao, huyu wa chumba cha dirishani, alikuwa fundi mkuu wa..."

"Samahani, mama, mimi mambo ya magari siyajui kabisa. Mimi ni wa kikapu." Alitabasamu vizuri, bila ubaya wowote. "Godoro hili nalo linakwenda?"

"Linakwenda," Verla akasema.

Alimtengenezea mkate wa nyama, kijana akaula amesimama kwenye ngazi, akashukuru mara mbili, akaondoka. Verla alifagia vyumba vya juu. Vumbi lilikuwa kidogo kuliko alivyotarajia. Kisha akafungua madirisha yote ili hewa ipite, akashuka kumpigia simu binti yake, ingawa haikuwa Jumapili.